Kujitoa kwa Uingereza: Zile Milioni 350 Nilizitoa Wapi?

Nina deni, na dawa ya deni ni kulipa.

Mwaka jana katika muhula wa pili chama chetu kilialikwa na shule moja jirani kwa mjadala. Hoja ilikuwa kwamba Uingereza ilifanya vyema kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Mwalimu mlezi alitupangia upande wa kuunga mkono, nami nikawa msemaji wa pili. Wengi wenu mlikuwapo, kwa hivyo mnakumbuka mambo yalivyokuwa. Nilisimama, nikasafisha koo, nikamwamkua mwenyekiti mheshimiwa, waamuzi wasiopendelea na mtunza saa aliye macho, kisha nikaifyatua: "Uingereza ilikuwa ikiwapelekea Wazungu wenzake pauni milioni 350 kila wiki! Kila wiki, Bwana Mwenyekiti! Nani ana kikokotoo hapa?"

Ukumbi ulilipuka. Watu waligonga meza mpaka kengele ya mtunza saa ikaanguka sakafuni. Msemaji mmoja wa upinzani, msichana mwenye sauti ndogo kama ya ndege, akasimama kwa hoja ya habari. Akauliza, "Hizo milioni 350 umezitoa wapi?" Nikamjibu papo hapo, "Ziliandikwa kwenye basi, dada." Kicheko kikamfunika, akaketi. Tulishinda kwa alama nne, nami nikapewa cheti cha msemaji bora.

Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu. Nimelifuatilia tangu siku ile, na haya ndiyo niliyoyakuta.

Basi lenyewe lilikuwapo, sikulizua. Lilikuwa basi kubwa jekundu lililozungushwa kote nchini Uingereza mwezi wa Mei na Juni mwaka 2016, wakati wa kampeni za kura ya maoni. Ubavuni liliandikwa kwa herufi kubwa kwamba nchi hupelekea Umoja wa Ulaya pauni milioni 350 kwa wiki, na kwamba afadhali fedha hizo zigharimie huduma ya taifa ya afya. Boris Johnson, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amemaliza umeya wa London, alipiga picha nyingi mbele ya basi hilo.

Sasa sikilizeni hesabu. Mchango wa Uingereza kama ulivyo vitabuni, ukiugawanya kwa wiki, ulikaribia kweli kiasi hicho. Lakini tangu mwaka 1984, Margaret Thatcher alipowashikia wenzake kiuno na kudai fedha zake, Uingereza ilikuwa na punguzo. Punguzo hilo halikuwa fedha zilizokwenda kisha zikarudi. Zilikatwa mapema, hazikutoka nyumbani hata siku moja. Kisha katika zile zilizotoka, nyingine zilirudi kuwa ruzuku ya wakulima, misaada kwa maeneo maskini na fedha za utafiti katika vyuo vikuu. Ukitoa hayo yote, kinachobaki ni kama nusu hivi ya kile kilichoandikwa kwenye basi. Ni sawa na mzazi kulia sokoni kwamba analipa karo kamili, ilhali mwanawe ana basari iliyokatwa kabla ya risiti kuandikwa, na chakula cha mchana anapewa palepale shuleni.

Mamlaka ya takwimu ya Uingereza ilisema waziwazi, tena kabla ya kura kupigwa, kwamba hesabu ile inapotosha. Maandishi hayakufutwa. Na mimi kwa maoni yangu upinzani nao ulisaidia kulisukuma lile basi, kwani kila waliposimama kusema "si milioni 350, ni pungufu ya hapo," mpiga kura alisikia jambo moja tu, kwamba fedha zinakwenda.

Turudi nyuma kidogo ili tuelewane. Nchi za Ulaya zilizochoka na vita zilianza kwa kuunganisha makaa ya mawe na chuma kwa mkataba wa mwaka 1951. Mwaka 1957 nchi sita, yaani Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Uholanzi, Ubelgiji na Luxembourg, zilitia sahihi Mkataba wa Roma wa kuunda jumuiya ya kiuchumi. Uingereza ilikaa pembeni ikitazama. Ilipobadili nia na kubisha hodi, Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa aliikatalia mara mbili, mwaka 1963 na mwaka 1967. Iliingia hatimaye tarehe 1 Januari 1973, na miaka miwili tu baadaye ikawauliza wananchi kama wabaki. Mwaka huo wa 1975 asilimia 67 walisema wabaki. Cha kuchekesha ni kwamba wakati ule waliopiga kelele za kutoka walikuwa hasa watu wa mrengo wa kushoto wa chama cha Labour kama vile Tony Benn, naye Thatcher alikuwa kwenye kampeni ya kubaki. Miaka arobaini baadaye watu wameshabadilishana viti!

Wengi wetu tulipokuwa tukijiandaa kwa mjadala tulidhani Umoja wa Ulaya ni soko tu. Hapo ndipo tulipojikwaa. Tuseme kwa mfano wa kwetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina umoja wa forodha ulioanza mwaka 2005. Maana yake, nchi wanachama hazitozani ushuru kwa bidhaa zao, na mgeni kutoka nje hutozwa ushuru ulio sawa awe ameingilia Mombasa au Dar es Salaam. Lakini kitu hicho kina sharti lake. Ukiwa ndani, huwezi kuamka asubuhi ukajiandikia mkataba wako wa ushuru na Marekani au Uchina, maana mlango ni mmoja na ufunguo ni wa wote. Juu ya umoja wa forodha huja soko la pamoja, ambalo sisi tulilianza mwaka 2010, na hilo huruhusu watu, mitaji na huduma kuvuka mipaka pia. Ulaya ilikwenda mbali zaidi. Ina Bunge lake, ina mahakama yake huko Luxembourg ambayo uamuzi wake katika mambo ya Umoja huzishinda mahakama za nchi, na nchi nyingi zina sarafu moja, ingawa Uingereza ilishikilia pauni yake.

Kwa hiyo mtu aliyesema "tunataka sheria zetu zitungwe na Bunge tunalolichagua wenyewe" hakuwa mpumbavu wala mbaguzi. Hiyo ilikuwa hoja halali kabisa, na ndiyo ningalipaswa kuisimamia siku ile badala ya kupanda basi. Vilevile suala la wahamiaji. Mwaka 2004 Umoja ulipokea nchi kumi mpya, nyingi zikiwa za Ulaya Mashariki. Uingereza ilikuwa miongoni mwa nchi tatu tu zilizofungua milango kwa wafanyakazi wao mara moja, pamoja na Ireland na Sweden. Walikuja wengi kuliko serikali ilivyokisia. Mtu wa mji mdogo aliyeona foleni ya zahanati ikirefuka alikuwa na haki ya kuuliza maswali. Lakini kampeni haikuishia hapo, ikaongeza kwamba eti Uturuki nayo iko mlangoni inaingia. Uturuki iliomba uanachama mwaka 1987, mazungumzo yakaanza mwaka 2005, na hadi leo haijaingia. Tena kila mwanachama, Uingereza ikiwemo, alikuwa na uwezo wa kuizuia.

Msidhani upande wa kubaki ulikuwa wa malaika. Hazina ya Uingereza chini ya waziri George Osborne ilitoa hesabu kwamba nchi ikijitoa, kila kaya itakuwa na upungufu wa pauni 4,300 kwa mwaka ifikapo mwaka 2030. Ukisoma vizuri utaona kwamba walichukua pato la nchi nzima, wakaligawanya kwa idadi ya kaya, wakalinganisha na hali ambayo ingekuwapo kama nchi ingebaki. Hizo si fedha zilizomo mfukoni mwa mtu. Yule dada mwenye sauti ndogo alitutwanga na hiyo 4,300 kama vile ni noti zinazochukuliwa na askari kanzu mlangoni. Walitabiri pia kwamba uchumi utadidimia mara tu kura itakapotangazwa. Pauni ilianguka kweli usiku uleule hadi thamani ambayo haikuonekana tangu mwaka 1985 ikilinganishwa na dola, lakini mdodoro wenyewe wa haraka haukuja. Walioonya wakaonekana waongo, hata katika yale waliyosema kweli.

Katikati ya makelele hayo kulitokea msiba. Tarehe 16 Juni 2016, wiki moja kabla ya kura, mbunge kijana Jo Cox, aliyekuwa akitetea kubaki, aliuawa barabarani katika eneo lake la uwakilishi na mtu mwenye siasa kali. Kampeni zilisimamishwa kwa siku chache, kisha zikaendelea.

Kura ilipigwa tarehe 23 Juni 2016. Waliotaka kutoka walikuwa 17,410,742, na waliotaka kubaki 16,141,241. Kwa asilimia ni 51.9 kwa 48.1. England na Wales zilitaka kutoka, Scotland na Ireland ya Kaskazini zilitaka kubaki, na London vilevile. Kuna mambo mawili ya kura hii ambayo sikuyajua na yaliniacha kinywa wazi. Kwanza, vijana wa miaka 16 na 17 walikatazwa kupiga kura, ingawa huko Scotland walikuwa wamepiga katika kura yao ya mwaka 2014. Mimi nina miaka 17. Pili, raia wa nchi za Jumuiya ya Madola waishio Uingereza waliruhusiwa. Kwa maneno mengine, muuguzi Mkenya aliyekuwa akiishi Leeds kihalali aliweza kuamua kama Uingereza itoke Ulaya, ilhali jirani yake Mpolandi aliyekaa hapo miaka kumi, na ambaye ndiye aliyekuwa akijadiliwa, hakuulizwa lolote.

Waziri Mkuu David Cameron, aliyeitisha kura akitumaini kuinyamazisha mikwaruzano chamani mwake, alijiuzulu kesho yake asubuhi. Hapo ndipo swali gumu lilipojitokeza. Karatasi ya kura ilikuwa na majibu mawili tu, kubaki au kutoka. Kutoka kwenda wapi? Hilo halikuandikwa. Kulikuwa na waliotaka kuacha siasa na kubaki sokoni kama Norway, na kulikuwa na waliotaka kukata kamba zote. Wote walikuwa wamepiga kura moja.

Na palipouma zaidi ni Ireland. Hapa naomba mnivumilie. Kisiwa cha Ireland kina sehemu mbili. Kaskazini ni sehemu ya Uingereza, na kusini ni Jamhuri huru ambayo ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Kaskazini kulikuwa na umwagaji damu wa miaka thelathini hivi uliowaua watu zaidi ya 3,000, mpaka mkataba wa amani wa Ijumaa Kuu ulipotiwa sahihi tarehe 10 Aprili 1998. Baada ya hapo mpaka wa takriban kilomita 500 ulibaki kwenye ramani tu. Hakuna kizuizi, hakuna askari. Mtu analisha ng'ombe upande huu na kukamua upande ule. Fikirieni Namanga bila lango, bila foleni ya malori, bila hata bango.

Haya, Uingereza ikitoka katika umoja wa forodha, bidhaa lazima zikaguliwe mahali fulani. Zikikaguliwa kwenye mpaka wa nchi kavu, malango yanarudi na amani inatikisika. Zikikaguliwa baharini, kati ya kisiwa cha Ireland na kile cha Britania, basi Uingereza imejiwekea mpaka ndani ya tumbo lake. Na zisipokaguliwa popote, basi haijatoka. Nimelizungusha jambo hili kichwani usiku mwingi wa prepu na sijaona mlango wa nne. Waziri Mkuu Theresa May alitafuta mlango huo miaka mitatu. Tarehe 15 Januari 2019 mkataba wake ulikataliwa bungeni kwa kura 432 dhidi ya 202, ukarudishwa Machi ukakataliwa mara mbili tena, akaondoka. Boris Johnson aliyemfuata aliahirisha vikao vya Bunge, na majaji 11 wa Mahakama ya Juu wakasema kwa sauti moja, tarehe 24 Septemba 2019, kwamba hatua hiyo ni kinyume cha sheria. Akauchagua mpaka wa baharini, akaitisha uchaguzi Desemba, akashinda kwa wingi mkubwa. Uingereza ilitoka rasmi tarehe 31 Januari 2020 usiku, na kipindi cha mpito kikaisha tarehe 31 Desemba mwaka huo. Mambo ya mpaka ule yalibidi yajadiliwe upya mwaka 2023 chini ya makubaliano yaitwayo ya Windsor.

Mtaniuliza, haya yote yatuhusu nini sisi tunaokula githeri huku? Hata mimi niliuliza hivyo, mpaka likizo ya Agosti nilipokwenda kwa shangazi yangu Naivasha. Shangazi hufanya kazi katika shamba la waridi, kitengo cha kupanga maua kwa urefu wa shina. Nilipomtajia mjadala wetu, aliweka kikombe chini. "Wewe ulikuwa unashangilia?" akaniuliza. "Mwaka 2020 sisi tulikuwa hatulali." 

Sababu ni hii. Kenya haimo katika orodha ya nchi maskini kabisa duniani, kwa hiyo haina ruhusa ya bure ya kuuza Ulaya bila ushuru kama walivyo majirani zetu Tanzania na Uganda. Inahitaji mkataba. Tulionjeshwa mwaka 2014, mapatano yalipochelewa na bidhaa zetu zikatozwa ushuru kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi mwishoni mwa mwaka. Uingereza ilipojitoa, ilitoka na mlango wake, na sisi ilitubidi tuandikiane nayo mkataba mpya kabla ya tarehe 31 Desemba 2020. Ulitiwa sahihi jijini London tarehe 8 Desemba. Wiki tatu na ushei! Shangazi anasema kipindi hicho msimamizi wao alikuwa akija kazini na redio mkononi. Mkataba ulianza kutumika Machi 2021, nao Umoja wa Ulaya wenyewe tulitia sahihi nao hapa Nairobi tarehe 18 Desemba 2023.

Majirani hawakuwa pamoja nasi. Tanzania ilikuwa imekataa kutia sahihi ule mkataba wa Jumuiya na Ulaya tangu Julai 2016, na mojawapo ya sababu ilizozitaja ilikuwa kura hiyo ya Waingereza, kwamba mshirika mkubwa anaondoka, sasa tunatia sahihi na nani? Kenya ikaenda peke yake. Kumbukeni yale niliyosema juu ya mlango mmoja na ufunguo wa wote. Babu yangu, ambaye alikuwa karani mjini Arusha katika Jumuiya ya kwanza hadi ilipovunjika mwaka 1977, na akarudi nyumbani na sanduku moja la bati, husema kwamba wao hata hawakupigishwa kura. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa ukakaa hivyo hadi mwaka 1983. Hakupenda niliposema kwenye mjadala kwamba kujitoa ni kama kuhama nyumba ya kupanga.

Kuna jambo jingine kuhusu maua ambalo shangazi ndiye aliyenifundisha. Waridi nyingi za Naivasha haziendi London moja kwa moja. Hupelekwa Uholanzi kwenye mnada mkubwa wa Aalsmeer, kisha ndipo husafirishwa Uingereza. Zamani safari hiyo ya pili ilikuwa kama kutoka Nakuru kwenda Eldoret. Baada ya kujitoa ikawa ni kuvuka mpaka, na ua lililopitia nchi ya tatu likaweza kupoteza haki yake ya kuingia bila ushuru. Mwaka 2024 serikali ya Uingereza ikausimamisha ushuru huo wa asilimia 8 kwa kipindi cha miaka miwili hivi. Ua halingoji, jamani. Likikaa forodhani siku mbili, limekuwa majani ya ng'ombe.

Na wahamiaji je? Wakati wa kura, idadi ya walioingia Uingereza ukitoa waliotoka ilikuwa kama 330,000 kwa mwaka. Katika mwaka ulioishia Juni 2023 ilizidi 900,000, wengi wao wakitoka nje ya Ulaya. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitiliana sahihi makubaliano ya kuwapeleka wahudumu wa afya huko. Aliyepiga kura ya kutoka ili awapunguze wageni sijui leo anasemaje.

Nilimaliza hesabu zangu mwezi wa Oktoba. Nikamwandikia barua yule msemaji wa upinzani kupitia kwa mlezi wa chama chao, nikamweleza kwamba zile milioni 350 si sahihi, nikampa mchanganuo wote, na nikamwomba radhi kwa kicheko. Alinijibu baada ya wiki mbili. Barua yake ilikuwa fupi. Alisema alijua siku ile kwamba hesabu yangu ni mbovu, lakini hakusisitiza kwa sababu ile 4,300 yao aliinakili kutoka gazetini bila kuisoma mpaka mwisho, na aliogopa nisije nikamuuliza yeye pia ameitoa wapi.

Cheti bado ninacho. Mwalimu mlezi amekataa kukipokea, anasema waamuzi walishaandika. Mjadala wa marudiano ni muhula ujao, hoja ni ileile, na safari hii sisi ndio upande wa kupinga.